Iko Kama Ulivyoiacha

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua ya kwanza ya masika imepiga tangu alfajiri, na barabara ya kupanda huku kwetu Goba tayari ni utelezi mtupu. Bodaboda wawili wameanguka mbele ya geti langu kabla ya saa mbili. Nimefungua daftari hili la maandalio ya masomo, ambalo sikulimaliza nilipostaafu, nione kama mkono bado unaandika.

Naanza na hali yangu. Mimi ni Sekela, mwalimu mstaafu, umri miaka sitini na moja, sikuolewa. Nyumba hii nimeijenga miaka kumi na tisa, chumba kimoja kimoja, kila likizo kidogo, na sasa siishi ndani yake. Tangu Januari nalala chumba cha uani, kilichokuwa stoo, na nyumba kubwa naikodisha kwa wageni wa siku mbili tatu wanaoipata kwenye simu, kwenye app. Wazo alinipa Mwanaheri, jirani yangu wa ukuta mmoja, mama wa Lindi, ambaye naye ana vyumba viwili vya namna hiyo.

"Mwalimu, nyumba yote hiyo unalala mwenyewe kama mbegu ndani ya debe," aliniambia. "Waache watu waijaze."

Wanaijaza.

Jumamosi, 8 Machi

Mgeni wa leo anaitwa Rogers. Miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi, kiatu amekivua kabla hajafika kizingitini. "Shikamoo mama," kwa mikono miwili, kichwa amekiinamisha. Vijana wa siku hizi hawana tena adabu hiyo. Ana rafiki zake wanne. Nimewaonyesha kila kitu, nikarudi uani nikiwa nimefurahi.

Jumapili, 9 Machi

Nimefuta nilichoandika jana kuhusu adabu, kisha nikakirudisha. Kibaki, nijue nilivyokuwa mjinga.

Wameondoka saa nne, Rogers ameniaga vizuri kabisa. Nikaingia ndani. Mtu ametapika kwenye sinki la jikoni na mwenzake akaosha vyombo juu yake. Mifupa ya mbuzi iko chini ya mito ya kochi, imefichwa kama watoto wanavyoficha ugali wasioutaka. Taulo langu jeupe limefutiwa viatu vya matope. Nimesafisha mpaka saa kumi alasiri, magoti yanawaka.

Nilitaka nimwandikie ukweli kwenye app, Mwanaheri akanipokonya simu.

"Mpe nyota tano. Ukimchafua atakuchafua, na wewe ndio mpya, hakuna atakayekuamini. Sie wenye nyumba tunameza."

Nimempa nyota tano. Nimemeza.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Hakuna mgeni. Nimelala mchana kama mzee.

Jumapili, 23 Machi

Rogers alirudi jana, na wale wale. Safari hii nimemsubiri kwenye ngazi wakati wa kutoka, nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, mara iliyopita niliikuta nyumba si nzuri." Akaweka mkono kifuani. "Mama, nisamehe sana, ni hawa jamaa. Mie mwenyewe usafi ndio ugonjwa wangu." Akacheka. "Halafu nilishakuwekea nyota tano, si uliona? Nyumba nzuri hii, sitaki kuandika kwamba maji yanakatika."

Maji hayakukatika hata siku moja. Aliposhuka kilima ndipo nikaelewa kwamba nimetishwa.

Ndani: godoro la chumba changu limelowa upande mmoja, na sio maji. Nimelisimamisha ukutani, jua halipo. Kitanda kile nilikilalia miaka kumi na tatu.

Jumapili, 30 Machi

Godoro halikauki.

Jumamosi, 5 Aprili

Rogers yuko ndani tena. Nikiwa naanua nguo nimemwona dirishani akitembea na simu ameinyoosha mbele, anazungumza na mtu kwenye video. "Hapa ndio jikoni. Hapa ndio sebuleni, nataka nibadilishe mapazia, wewe unapenda rangi gani?" Nikadhani anacheza na rafiki zake. Sauti ya mwanamke ikacheka, ikasema kijani.

Mapazia yangu ni ya bluu. Nilishona mwenyewe.

Jumapili, 6 Aprili

Sufuria tatu zimeungua, moja imetoboka. Kwenye beseni la kuogea wameosha kitu chenye grisi, nadhani spea za pikipiki. Mwanaheri alipokuja kunisaidia mashuka alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni.

"Mwalimu, kwetu upupu unaota mpaka kwenye uzio. Nikiagiza Lindi utafika Jumatano. Tunaupaka kwenye mito tu, kidogo."

Nilicheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Nikamwambia hapana, atasema mashuka yangu yana wadudu. Lakini jioni nzima nimeutafakari ule upupu, nimemwona Rogers akijikuna mgongo kwenye ukuta kama ng'ombe, na moyo umetulia kidogo. Nilifundisha Biblia na uraia miaka thelathini na sita. Sikujua kama ninayo haya ndani.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Nimetoka kanisani nikakuta ujumbe: Rogers anataka nyumba sikukuu yote ya Pasaka, Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu. Nilikaa na simu mkononi. Mwezi huu hakuna mgeni mwingine aliyeomba. Nimekubali. Naandika kwa aibu.

Jumatatu, 21 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Nilikwenda Tabata kwa mdogo wangu kusherehekea, nimerudi leo saa sita. Wameshaondoka. Funguo ziko juu ya mita ya umeme.

Sitaeleza yote. Samaki kwenye sakafu, pilau limemwagwa ndani ya kabati la vyombo, choo hakikuvutwa maji siku nzima au zaidi. Hayo nimeshayazoea, na ni vibaya mtu kuyazoea.

Ukumbini nina kabati dogo la ukutani lenye kufuli. Ndani yake nilikuwa na katoni moja ya barua. Kila mtoto niliyemfundisha darasa la saba nilimwambia akifika aendako aniandikie, hata mistari miwili, nione kama mwandiko haujaharibika. Wengi hawakuandika. Walioandika walikuwa mia mbili na kitu. Kutoka Songea, kutoka migodini, kutoka jeshini, mmoja kutoka China. Mmoja aliandika akiwa wodini, wiki moja kabla hajafariki, na alinyoosha herufi zake zote.

Kufuli imevunjwa kwa kisu cha mkate. Katoni iko uani kando ya jiko la mkaa, na haina kitu. Walikosa cha kuwashia moto wa nyama. Nimezikuta pembe za bahasha, stempu, kipande chenye "Mpendwa Mwalimu Sek", majivu yaliyolowa mvua yakawa uji. Nimechuja majivu yale kwa mikono yangu kama mtu anayetafuta pete. Nimepata vipande kumi na moja. Hakuna hata kimoja chenye jina la aliyeandika.

Nilimpigia. "Ooh, zile karatasi za zamani? Mama samahani jamani, tulijua takataka."

Sijalia. Nimekaa kwenye kiti cha uani mpaka mbu wakaniondoa. Namtaka mtu huyu. Sijui namtakia nini, lakini namtaka.

Jumanne, 22 Aprili

Mungu anisamehe kama ninamsingizia, lakini nadhani leo amenijibu.

Rogers amekuja mwenyewe, saa tatu asubuhi, na keki kwenye boksi. Nilidhani amekuja kuomba radhi. Akakaa kwenye kigoda changu uani, akafuta jasho.

"Mama, nina ishu kubwa, na wewe ni kama mzazi wangu. Jumamosi hii, sikukuu ya Muungano, wazazi wa mchumba wangu wanakuja kutoka Muleba, na mchumba mwenyewe. Anaitwa Genoveva, ni nesi kule. Wanataka waone ninapoishi kabla hatujaanza mambo ya mahari." Akatazama chini. "Mimi nakaa Tabata, chumba kimoja, tuko wawili. Sasa hapo nyuma, kwenye video, niliwaonyesha hapa. Niliwaambia ni kwangu."

"Umewaambia umejenga?"

"Niliwaambia nimejenga."

Nikalipokea boksi la keki. Akaona nimelipokea, akadhani ni huruma, akasogea.

"Kuna kitu kimoja tu. Wakikuona watauliza wewe ni nani. Nilikuwa nafikiri, kama hutajali, niseme ni dada wa kazi. Siku mbili tu. Ukiulizwa usiongee sana, mengine niachie mie."

Jikoni kwangu, hatua kumi kutoka alipokaa, samaki wake alikuwa bado yuko sakafuni. Nilikuwa nimepanga kuanza kusafisha mchana.

"Sawa mwanangu," nilimwambia. "Nyumba ni yako."

Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Alipotoka getini nilifunga mlango wa nyumba kubwa kwa funguo. Sikufagia.

Jumatano, 23 Aprili

Sijafagia.

Alhamisi, 24 Aprili

Sijafagia. Mvua na joto kwa pamoja. Nzi wa kijani wamejaa kwenye kioo cha dirisha la jikoni, kwa ndani. Mwanaheri amekuja akinusa.

"Kuna paka kafa kwako?"

Nikamweleza yote. Alijifunika mdomo kwa kanga, macho yakamtoka. "Mwalimu! Na mie nilidhani upupu ni ukatili."

Ijumaa, 25 Aprili

Ujumbe kutoka kwa Rogers, saa nane mchana: "Mama shkamoo, kesho tunatoka stendi moja kwa moja na wageni. Nyumba iko poa?"

Nimefikiria muda mrefu jinsi ya kujibu bila kusema uongo. Sisemi uongo, hata kwake. Nimeandika: "Marahaba. Iko kama ulivyoiacha."

Akanitumia dole gumba na moyo.

Baadaye nimezirudisha funguo juu ya mita, kisha nimekwenda nyuma ya nyumba nikafunga koki kubwa ya tangi, ile inayopeleka maji ndani.

Jumamosi, 26 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio.

Walifika saa nne na nusu. Gari ilishindwa kilima, wakapanda kwa miguu kwenye matope. Mbele Rogers, suti ya kijivu, suruali ameikunja. Nyuma yake mzee mrefu mwenye kofia na mwavuli, Mzee Gaudens, ambaye maisha yake yote alikuwa karani wa mahakama. Halafu binti, mwembamba, viatu mkononi, anatazama nyumba na kutabasamu kama mtu anayemtambua ndugu. Wa mwisho mama yake, Rosalia, wa umri wangu, na mkungu wa ndizi kichwani. Kutoka Muleba mpaka Goba ameuleta. Hakuna aliyempokea.

Mie nilikuwa mlangoni mwa chumba cha uani, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, kama nilivyoagizwa.

"Karibuni, karibuni nyumbani," Rogers akasema, akijaribu funguo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mlango ukafunguka.

Harufu ilifika mpaka niliposimama. Mzee Gaudens alirudi hatua moja, akatoa kitambaa. Ndani nilisikia kimya, kisha nzi, kisha binti: "Rogers?"

Nilimwona Rogers uso kupitia mlangoni. Nimeishi miaka sitini na moja na sijawahi kuonja kitu kitamu namna ile. Aliangalia sakafu, akaangalia kochi, akaangalia dari, kana kwamba nyumba ingeweza kugeuka ikawa nyingine. Alikuwa anautambua uchafu wake, kipande kwa kipande, na hakuweza kusema ni wa nani. Angesema ni wa wageni wa jana, nyumba isingekuwa yake. Akasema ni wangu.

"We dada! We dada, njoo hapa!"

Nikaenda. "Abee, bosi."

"Hii ni nini? Nimesafiri siku tatu tu, hii ni nini? Nakulipa ukae unalala?" Alikuwa anapiga kelele, na macho yake yananiomba. "Leo leo unaondoka kwangu!"

Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimeagizwa nisiongee sana.

"Kijana," alisema Mama Rosalia taratibu, "huyu ni mtu mzima. Unamwita 'we'?"

"Mama, hamjui hawa watu."

Mama Rosalia hakujibu. Alishusha mkungu, akajifunga kanga vizuri, akapiga magoti na kuanza kuokota miiba ya samaki sakafuni kwa mikono yake. Mama mwenye safari ya siku mbili miguuni.

Huyu sikumpangia. Mguu wangu ulitoka mbele, nusu hatua, nimshike mkono nimwambie dada inuka. Nikamtazama Rogers. Bado alikuwa amesimama na suti yake. Na mie nikaurudisha mguu. Nilitaka iendelee. Niandike hivyo hivyo ilivyokuwa.

Ni mzee aliyesema. "Rosalia, inuka. Tumekuja kuona kijana anaishije. Atuonyeshe." Akageuka. "Sisi tutakaa hapo barazani. Safisha nyumba yako, bwana Rogers."

Akavuta viti vitatu, akaniona nimesimama, akavuta cha nne. "Na wewe kaa. Si umeshafukuzwa kazi?"

Nikakaa. Mvua ikaanza.

Tulimsikia akifungua makabati. Akatoka. "Dada, fagio liko wapi?" Nikamwelekeza kwa kidole. Akarudi ndani. Akatoka. "Ndoo?" Nikamwelekeza. Bomba likakohoa, likanyamaza. Akatoka tena, koti amelivua, akaniinamia karibu na sikio. "Mama, nakuomba, maji yanafunguliwa wapi?"

"Bosi," nikasema kwa sauti ya kutosha, "nimeambiwa nisiongee sana."

Mzee Gaudens alikuwa anatazama mvua. "Nyumba umejenga lini, bwana Rogers?"

"Miaka… miaka mitano sasa, baba."

"Na koki ya maji fundi wako aliiweka wapi?"

Rogers alifungua mdomo. Mzee akasubiri, kama nadhani alivyozoea kusubiri mashahidi. Kisha akafungua mwavuli wake, akashuka ngazi, akazunguka nyuma ya nyumba. Binti alikuwa amezishika kingo za kiti chake kwa mikono miwili.

Alikaa huko dakika kama tano. Maji yakaanza kutiririka jikoni. Aliporudi alikuwa na matope mpaka magotini.

"Kwenye msingi wa tangi," alisema, "kuna maandishi kwenye saruji. Yameandikwa kwa msumari ikiwa mbichi. MWL. SEKELA, tarehe kumi na moja mwezi wa saba, elfu mbili na tisa." Akafunga mwavuli. "Mwalimu Sekela ni nani?"

Rogers aliangalia chini.

"Ni mimi, mzee," nikasema. Nikavua kanga ya kichwani.

Genoveva akasimama. Hakumwangalia baba yake wala mie. "Unakaa wapi?" alimuuliza Rogers.

"Jeni, nilitaka tu…"

"Nimekuuliza unakaa wapi."

"Tabata. Chumba."

"Ningekaa Tabata," alisema. "Ningekaa Tabata, Rogers. Nimekaa nyumba ya manesi sita, choo kimoja."

Akaanza kulia, na Rogers akamsogelea, na mzee akaweka mwavuli katikati yao, hakumgusa mtu, aliuweka tu. "Ulichokichafua kina mwenyewe. Maliza."

Na akamaliza. Mvua ilikuwa kubwa, hawakuwa na pa kwenda, nikawaingiza chumbani kwangu nikawapa chai na mkate. Kupitia mlango ulio wazi tulimwona Rogers akipita na ndoo, akirudi na ndoo, suruali ya suti imelowa mpaka mapajani. Alisugua choo. Alitoa samaki. Mara mbili alisimama akashika kiuno, na mara zote mbili mzee alinyanyua kikombe kidogo tu, Rogers akaendelea. Masaa matatu na nusu mazima. Nilikunywa vikombe vinne vya chai na kila kimoja nilikihesabu kama neno la barua.

Mvua ilipopungua Rogers alishuka kilima peke yake, na Mwanaheri akawatafutia wageni gari ya kuwapeleka kwa ndugu yao Msasani. Mama Rosalia aliniachia ndizi. Mzee alinipa mkono. Genoveva alibaki nyuma getini.

"Mwalimu, ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Na ulituona tunapanda. Ulimwona mama na ndizi kichwani."

"Niliwaona."

"Ungesema pale pale. Ningelia, lakini ningelia nikiwa wima. Ulitaka kuuona uso wake, sawa. Lakini uliutazama kupitia wa kwangu."

Nilimwambia habari ya barua. Alisikiliza mpaka mwisho, ni nesi, anajua kusikiliza. "Pole sana," alisema, na alikuwa anamaanisha. "Lakini mimi sikuzichoma."

Akavaa viatu, akashuka.

Jumapili, 27 Aprili

Sikwenda kanisani. Nyumba inanukia sabuni.

Jumapili, 4 Mei

Rogers ameandika kwenye app. Nyota moja. "Mwenye nyumba ni mchafu na mchawi." Ameweka picha za samaki. Mwanaheri amecheka mpaka akakaa chini: "Kaupiga picha uchafu wake mwenyewe!" Nimecheka naye. Halafu nimefungua simu nikaifuta ile app yote, na kuanza kuhamisha vitu vyangu kurudi nyumba kubwa. Kitanda kwanza.

Jumapili, 11 Mei

Nimeanza barua kwa Mama Rosalia. Anwani alinipa mzee, ni ya kanisa lao. Ya kwanza nilichana, ilikuwa inajitetea. Ya pili nilichana, ilikuwa inajitukana, na hiyo nayo ni namna ya kujitetea. Ya tatu ni mistari sita. Namwomba radhi kwa magoti yake na kwa machozi ya binti yake. Kwa Rogers sijaandika neno. Nikifumba macho bado namwona na ile ndoo, na bado nafurahi, siwezi kudanganya kwenye karatasi.

Ijumaa, 16 Mei

Manyunyu tu. Masika inaondoka.

Jumapili, 25 Mei

Simu imelia nikiwa najaribu mapazia. Namba ngeni.

"Mwalimu Sekela? Ni Rosalia, wa Muleba. Barua imefika."

Tulisalimiana sana. Genoveva amerudisha pete, amerudi kazini, anakula vizuri. Mzee hataki kuzungumzia habari za Dar. Kisha akasema, "Nimekupigia maana umeniomba radhi kwa kitu ambacho sicho. Kuinama kwangu pale hakukuwa kwa kudanganyika."

"Kumbe?"

"Mtu anajaribu funguo tatu kwenye mlango wake? Na ule uchafu, mwalimu, nimelea wavulana wanne, ule si uchafu wa dada wa kazi. Nilijua kabla sijashusha ndizi. Nikasema, ngoja nipige magoti nione. Nilitaka nijue ataniacha niokote mpaka lini, huyu anayetaka nimpe mtoto."

"Akakuacha," nikasema.

"Akaniacha." Nikasikia kuku wake kwa mbali. "Na wewe nilikuangalia."

Nilimshukuru kwa kupiga, nikamtakia heri, tukaagana kama watu wanaoheshimiana. Kisha nikachukua fagio, nikafagia sebule yote kutoka ukuta hadi ukuta, ingawa nilikuwa nimeifagia asubuhi.